Dawati la mbele, dawati la nyuma

Mahali anapokaa mwanafunzi darasani huamua mambo matatu: anaona nini ubaoni, anasikia nini kwa mwalimu, na mwalimu anamtupia jicho mara ngapi. Alama za mtihani huja baadaye, zikiwa zimeshachanganyika na mengine mengi, kama umbali wa kutoka nyumbani, chakula cha mchana, vitabu na bidii ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo suala la nani akae mbele na nani akae nyuma huonekana dogo, na walimu wengi hulimaliza siku ya kwanza ya muhula kwa kuwapanga watoto kwa kimo.

Katika shule za msingi za Tanzania liko swali linalotangulia hilo, nalo ni kama pana pa kukaa. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa na watatu kwa dawati. Hesabu hiyo inataka madawati 15, yaani safu tatu za madawati matano matano, na kati ya safu hubaki njia ya mwalimu kupita. Wanafunzi wakifika 90, madawati yanakuwa 30. Chumba hakiongezeki, kwa hiyo kinachotolewa kafara ni njia. Madawati husogezwa ukutani, safu hugusana, na mwalimu hubaki na ukanda mwembamba mbele ya ubao. Hapo mtoto wa dawati la mwisho hafikiwi kwa miguu, na daftari lake hukaguliwa likipitishwa mkono kwa mkono hadi mbele.

Msongamano huo una historia yake. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, watoto walimiminika shuleni. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, darasa la kwanza lilifurika tena. Madawati yalitafutwa kwa kila njia. Mwaka 2012 sehemu ya pauni milioni 29.5 zilizorejeshwa na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza, fedha ambazo wananchi walizibatiza chenji ya rada, ilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Aprili 2016 Bunge lilikabidhi shilingi bilioni 6 lilizobana katika matumizi yake, na Rais John Magufuli akaagiza zitengenezewe madawati. Wakuu wa mikoa na wilaya walipewa hadi Juni 30 mwaka huo kuumaliza upungufu. Kampeni ile iliwainua watoto wengi kutoka sakafuni, ila katika baadhi ya shule madawati mapya yalikosa vyumba yakabaki yamerundikwa nje.

Mtoto anayeandika akiwa ameketi sakafuni huinamia daftari lililo gotini na kuunyanyua uso kila anaponakili neno. Akipata dawati hupata mgongo ulionyooka na ubao ulio usawa wa macho. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko yoyote iliyopo kati ya dawati la mbele na la nyuma, na ni haki iwekwe kwanza kabla ya mengine.

Baada ya hapo huja suala la macho. Herufi ndogo kabisa ambayo mwenye macho mazima huweza kuitambua kwa umbali wa mita 6 ina urefu wa milimita 9 hivi. Kwa mita 8, umbali wa kawaida wa dawati la mwisho, inafika milimita 12. Mtoto ambaye uoni wake umepungua hadi theluthi ya huo, hali isiyomzuia kucheza mpira wala kuchunga ng'ombe, anahitaji herufi ya milimita 35 ili aitambue tu. Kuisoma bila kukaza macho kipindi kizima kunadai kama mara mbili ya hapo, yaani sentimeta 7. Walimu wanaoandika kwa ukubwa huo baada ya darasa la pili ni wachache, kwa sababu ubao ungejaa kwa sentensi nne. Mtoto wa namna hii mara nyingi hajui kwamba haoni vizuri, maana hajawahi kuona vinginevyo. Hunakili kutoka kwenye daftari la jirani, na kwa mwalimu anaonekana anaangalizia.

Wanafunzi wenye ualbino ndio wanaolionyesha jambo hili waziwazi. Wengi wao wana uoni hafifu na macho yao huumizwa na mwanga mkali. Kuwaweka mbele hakutoshi iwapo dawati hilo liko kando ya dirisha linalopokea jua la asubuhi. Wanahitaji kuwa mbele, mbali na dirisha, na ruhusa ya kunyanyuka kuusogelea ubao bila kuomba kila mara. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi yaliyokuzwa. Huo ni msaada wa siku chache za mtihani. Siku nyingine zote za shule msaada wao mkubwa ni dawati walilopewa.

Kusikia nako kuna masharti yake. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hushuka kwa desibeli 6. Ndani ya chumba haishuki kiasi hicho kwa sababu kuta huirudisha, lakini sauti inayorudi humfikia wa nyuma ikiwa imechelewa na kuchanganyika na ya kwanza. Kelele za nje huumaliza utulivu uliobaki. Igawa, kata ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, iko kwenye barabara kuu ya TANZAM, jirani na mpaka wa Njombe. Malori ya kwenda na kutoka Tunduma hupita hapo usiku na mchana. Katika chumba cha darasa kilicho kando ya barabara kama hiyo, upande wa barabarani na upande wa pili ni kama madarasa mawili, na mtoto wa dirishani hupoteza mwisho wa sentensi kila lori linapobadilisha gia. Masika yakianza katika bonde la Usangu, mvua hupiga bati lisilo na dari, na hapo hata wa mbele hasikii. Mwalimu huacha kusema, akageukia chaki.

Jambo la tatu, jicho la mwalimu, ndilo lililochunguzwa zaidi na wataalamu. Mwaka 1970 Raymond Adams na Bruce Biddle walichapisha matokeo ya kurekodi vipindi katika madarasa ya Marekani. Waligundua kwamba wanafunzi waliozungumza na mwalimu walikuwa hasa wa safu ya mbele na wale wa mstari wa katikati unaoshuka kuelekea nyuma. Waliokaa kwenye pembe walihudhuria kipindi lakini hawakuhusishwa. Mwalimu hafanyi hivyo kwa upendeleo. Macho yake hutua pale anapoelekea uso wake, na anayetazamwa hujikuta anajibu.

Je, mbele humfanya mwanafunzi kuwa mzuri, au wazuri ndio wanaokimbilia mbele? Hapa ndipo mabishano yalipo. Anayechagua kukaa mbele aghalabu ndiye aliyekuja kusoma, na anayejichimbia nyuma, anayeitwa bekibencha kwa utani wa sekondari, mara nyingine ameshakata tamaa na somo. Kulinganisha alama zao bila kuliangalia hilo ni kujidanganya. Katherine Perkins na Carl Wieman wa Chuo Kikuu cha Colorado waliondoa uchaguzi kabisa. Waliwapangia wanafunzi wa fizikia viti kwa bahati nasibu, na katikati ya muhula wakawageuza, wa nyuma wakaja mbele na wa mbele wakaenda nyuma. Katika ripoti yao ya mwaka 2005, walioanzia nyuma walikuwa na uwezekano wa karibu mara sita zaidi wa kupata F kuliko walioanzia mbele, ingawa baadaye wote walibadilishana. Ukumbi ule ulikuwa mkubwa, wenye wanafunzi zaidi ya 200. Uchunguzi mwingine katika darasa la biolojia la chuo, uliochapishwa 2007, haukuiona tofauti hiyo. Biolojia inaweza kufundishwa vizuri hadi nyuma, na fizikia pia. Kinachoonekana kuleta tofauti ni ukubwa wa chumba na kama mwalimu anatembea, na kwa darasa la watoto 90 lisilo na njia hilo si la kupuuza.

Mipangilio inayotumika shuleni ina busara zake na hasara zake. Kupanga kwa kimo, wafupi mbele, kunasaidia kuona, lakini mrefu mwenye macho mabovu husahaulika. Kumtenganisha mpiga kelele na rafiki zake na kumweka mbele ya meza ya mwalimu kunatuliza darasa, ingawa dawati hilo likigeuka kuwa la adhabu hakuna mtoto atakayelikubali kwa hiari. Kuchanganya wavulana na wasichana hupunguza soga.

Mpango unaostahili kutiliwa shaka zaidi ni ule wa kuwapanga kwa nafasi waliyoshika kwenye mtihani, wa kwanza mbele na wa mwisho nyuma. Watetezi wake husema wanaofanana uwezo husoma vizuri wakiwa pamoja. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walilipima hilo katika shule 121 za magharibi mwa Kenya kuanzia 2005. Pale darasa la kwanza lilipogawanywa mara mbili kufuatana na alama, wenye alama za juu na wa chini wote walipanda. Lakini kila kundi lilikuwa na chumba chake na mwalimu wake aliyeweza kushuka hadi kiwango chao. Katika chumba kimoja chenye mwalimu mmoja, kuwapeleka wa mwisho nyuma ni kuwanyima ubao, sauti na jicho kwa mkupuo mmoja.

Dawati lenyewe nalo lina nafasi tatu zisizo sawa. Benchi na meza huunganishwa kwa chuma au mbao, kwa hiyo mtoto wa katikati hawezi kutoka kwenda ubaoni bila wa pembeni kusimama, na baada ya muda huacha kunyoosha mkono. Anayetumia mkono wa kushoto akikaa katikati au kulia, kiwiko chake hugongana na cha jirani kila mstari, na mwandiko wake unaharibika pasipo kosa lake. Dawa yake ni kumkalisha mwisho wa kushoto, na haigharimu hata senti.

Suala la safu au vikundi limeongezeka uzito tangu ije mitaala ya umahiri, inayotaka watoto wajadiliane. Kevin Wheldall na Yin Yuk Lam walionyesha mwaka 1987 kwamba wanafunzi hutulia na kazi zao zaidi wakiwa kwenye safu kuliko wakizunguka meza. Uchunguzi wa Ujerumani wa mwaka 1999 uliona watoto wakiuliza maswali mengi zaidi wakikaa nusu duara. Hapana mgongano: zoezi la kuandika linataka safu, mjadala unataka nyuso zitazamane. Kwa madawati ya watu watatu, dawati la mbele likigeuzwa kutazama la nyuma yake, kikundi cha watoto sita kimekamilika, mradi pana nafasi ya kuligeuza.

Njia inayowezekana hata katika chumba kilichobanana ni kuzungusha: kila Jumatatu wa dawati la mbele wanahamia la mwisho na wengine wanasogea mbele hatua moja, huku wenye matatizo ya macho na masikio wakibaki palepale. Kikwazo chake ni cha kiutawala. Shule nyingi hukabidhi kila dawati kwa wanafunzi watatu ili likivunjika ajulikane wa kuulizwa, na wakihama kila wiki hakuna wa kulaumiwa. Mwalimu wa darasa anaweza kuandika daftarini nani alikaa wapi wiki gani, au akaamua wanafunzi wahame na dawati lao, jambo linalowezekana pale tu ambapo njia kati ya safu bado ipo.