Mali Yetu Iko Rehani kwa Maskini: Funzo Kutoka kwa Maisha ya Tharia Topan

Wesha ni lango la bahari la mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba ambacho jina lake halitengani na karafuu. Sisi waamini Wakatoliki wa visiwa hivi, tulio wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, tumezoea kuisoma historia ya zao hilo mashambani. Ni vema pia tuifuate hadi ng'ambo, mjini Unguja, tuone fedha za karafuu zilijenga nini. Katika tafakari hii tunamwangalia mhamiaji mmoja, Tharia Topan, jamaa yake, na jumba alilolianzisha kwa ajili ya wagonjwa.

Tharia alizaliwa mwaka 1823 huko Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Waislamu wa madhehebu ya Ismailia. Alivuka bahari na kufika Unguja akiwa bado kijana mdogo, asiye na mali. Alipata kazi katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa imekodishwa haki ya kukusanya ushuru wa forodha wa Sultani. Alipanda hatua kwa hatua, akawa mfanyabiashara mwenye jina, akaikopesha misafara ya pembe za ndovu, ukiwemo ule wa Tippu Tip. Mwaka 1875 alifuatana na Sultani Barghash katika ziara ya Uingereza, na mwaka 1876 yeye mwenyewe alishika ukusanyaji wa ushuru wa forodha. Baadaye Malkia Victoria alimtunukia heshima ya kuitwa Sir.

Hapo ndipo Pemba inapoingia katika habari hii. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Karafuu zake zilivushwa kwa majahazi hadi forodha ya Unguja, na kila mzigo ulitozwa ushuru. Hatuna budi kukumbuka pia kwamba mikono iliyozichuma ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini hadhi ya utumwa katika visiwa hivi ilifutwa kisheria mwaka 1897 tu. Nao wenye mashamba mara nyingi walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi na kuweka mashamba yao rehani. Hivyo utajiri uliokusanyika mjini ulikuwa na jasho la watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa katika daftari lolote.

Mwaka 1887, katika Yubilei ya miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, Tharia aliweka jiwe la msingi la jumba kubwa mbele ya bahari, karibu na bandari ya Unguja. Alikusudia liwe hospitali. Mchoraji wake alikuwa Hashem Virjee Patel, na mafundi waliletwa kutoka India kuchonga mbao za roshani zake. Lakini Tharia hakuliona likikamilika: alifariki dunia mwaka 1891. Mjane wake, Janbai, ndiye aliyeishika kazi hiyo, nayo ikakamilika mwaka 1894. Hata hivyo jumba halikuwa hospitali iliyokusudiwa. Lilikuja kuuzwa, likaingia katika mali ya Nasser Nurmohamed, mfanyabiashara mwingine wa Kihindi. Ghorofa ya chini ikawa zahanati, na za juu zikawa makazi ya watu. Ndiyo maana hadi leo linaitwa Zahanati ya Zamani. Katika miaka ya 1990 lilikarabatiwa, na Mji Mkongwe unaolizunguka uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Je, habari hii inatufundisha nini? Mwaka 1987, miaka 100 kamili baada ya jiwe lile la msingi, Mtakatifu Papa Yohane Paulo II aliandika katika Waraka wake *Sollicitudo rei socialis* kwamba mali ya mtu binafsi iko chini ya rehani ya kijamii. Mpemba anajua maana ya rehani: shamba ni lako, lakini yuko anayekudai, na huwezi kulitumia kana kwamba hayupo. Kanisa linafundisha kwamba Mungu aliumba mali za dunia kwa ajili ya watu wote. Basi maskini anatudai, hata kama hakuna hati aliyoiandika.

Tharia alianza kulilipa deni hilo, na katika hilo tunamheshimu ndugu huyu wa imani nyingine. Lakini jumba la wagonjwa halifuti jasho la aliyenyimwa ujira. Haki hutangulia sadaka. Tena, nia njema iliyocheleweshwa hadi uzeeni hutegemea uaminifu wa wanaobaki.

Basi tujiulize sisi wenyewe. Anayekodi mikarafuu ya jirani aliyebanwa na shida, je, anampa bei ya haki? Mchumaji anayepanda mtini kwa hatari ya maisha yake, je, analipwa kwa wakati? Mjane katika ukoo wetu, je, anabaki na paa juu ya kichwa chake? Na kile tunachokusudia kuwapa wahitaji, je, tumekiandika katika wosia, na mke, mume na watoto wanakijua? Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tutoe basi tungali hai, na tuwaandae wa nyumbani mwetu kuyakamilisha tutakayoyaacha.