Mwizi, Tapeli au Mjanja? Maoni ya Watazamaji wa Kampala kuhusu Bunty Aur Babli

Watu wawili wanaweza kutazama filamu moja, wakacheka mahali pamoja, kisha wakatoka nje na hukumu mbili zisizopatana. Jambo hili hutokea sana kwa filamu za Kihindi zinazochanganya mapenzi, uhalifu na vichekesho. Mfano mzuri ni Bunty Aur Babli, filamu iliyoongozwa na Shaad Ali na kutolewa na kampuni ya Yash Raj mwezi Mei 2005. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini maoni juu yake hugawanyika, na kwa nini mgawanyiko huo unamhusu mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda kuliko anavyoweza kudhani.

Kwa wale ambao hawajaiona, kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Rakesh (Abhishek Bachchan), mtoto wa mfanyakazi wa reli, anaishi katika mji mdogo wa Fursatganj na hataki kazi ya reli anayotafutiwa na baba yake. Vimmi (Rani Mukerji) wa Pankinagar anataka kushindania taji la ulimbwende, ilhali wazazi wake wanamtafutia mume. Wote wawili wanatoroka nyumbani, wanakutana kwenye stesheni ya treni, na baada ya kudhulumiwa na wakubwa wa mjini wanaamua kuwa wao ndio watakaodhulumu. Wanajiita Bunty na Babli. Wanatapeli huku na huko, wanapendana, wanaoana, na kilele cha utapeli wao ni kumuuzia tajiri mgeni jengo la Taj Mahal. Anayewafuata ni afisa wa polisi Dashrath Singh, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, baba mzazi wa Abhishek. Mwishowe anawakamata, anawaachia, na miaka kadhaa baadaye anawarudia kuwaomba waisaidie serikali kuwanasa matapeli wengine.

Jina la Fursatganj linastahili kutazamwa kidogo. Fursat kwa Kihindi ni wasaa, muda mtu asipokuwa na shughuli. Neno hilo lina asili moja ya Kiarabu na fursa yetu, lakini Kiswahili kimelipeleka upande mwingine: kwetu fursa ni nafasi ya kufanya jambo. Kwa hiyo mtazamaji anayejua Kiswahili ana kicheko cha ziada ambacho wengine hawana. Kijana anaukimbia mji uliojaa fursat kwa sababu hauna fursa. Vijana wengi waliokuja Kampala kutoka vijiji na miji midogo hawahitaji kufafanuliwa hapo.

Niliionyesha filamu hii kwa darasa langu la mwaka wa pili, ikiwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, kisha nikawataka wanafunzi waandike maoni yao kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kundi kubwa lilifurahi bila kujiuliza. Lakini wapo waliokasirika. Hoja yao ilikuwa kwamba Kampala ina familia ambazo zimelipia kiwanja kwa akiba ya miaka mingi, zikagundua baadaye kwamba kiwanja hicho hicho kimeuzwa kwa watu wengine kwa hati za kughushi. Mtu wa familia kama hiyo hacheki anapoona Taj Mahal ikiuzwa kwa karatasi yenye sahihi bandia. Wasichana kadhaa hawakujali utapeli hata kidogo. Kwao kiini cha filamu ni binti aliyekataa kuchaguliwa mume. Na karibu kila karatasi ilimuuliza Dashrath Singh swali moja: anawaachiaje? Mmoja alitaka kujua amepewa kitu kidogo cha kiasi gani.

Nilipozirudia karatasi hizo niligundua jambo ambalo sikuwa nimelitafuta. Hukumu ya mwanafunzi ilikuwa imekwisha kukatwa katika nomino ya kwanza aliyoitumia. Aliyeanza kwa kuandika "wezi hawa wawili" alimaliza kwa kulaumu. Aliyeandika "wajanja hawa" alimaliza kwa kusifu. Walioandika "matapeli" walisitasita katikati. Filamu ni ile ile.

Hapa ndipo semantiki inapoacha kuwa mada ya mtihani tu. Mwizi ni neno pana: huchukua kisicho chake, kwa siri au waziwazi. Jambazi hutumia nguvu na silaha. Kibaka hunyakua kitu kidogo na kukimbia. Tapeli na laghai hawanyakui kitu. Wewe mwenyewe ndiye unayewapa kwa mkono wako, nao wanakushukuru. Ayari ana ustadi zaidi, na neno lenyewe lina harufu ya hadithi za kale. Bazazi ana historia ya kusikitisha: kwa Kiarabu alikuwa muuza nguo tu, lakini katika Kiswahili amekuwa mfanyabiashara mwenye hila. Amefanana na bepari, ambaye katika lugha za Kihindi alikuwa mchuuzi wa kawaida kabla Kiswahili hakijamfanya adui wa wanyonge. Inaonekana wasemaji wa lugha yetu hawakuwaamini sana watu wa dukani.

Mjanja yuko peke yake. Ni neno linaloweza kuwa tusi asubuhi na sifa jioni. Sungura wa ngano zetu ni mjanja, na Wakayima, sungura wa Baganda, ni vivyo hivyo. Abunuwasi naye huwapiku wafalme na matajiri kwa maneno matupu, wala hakuna mtoto anayetaka afungwe. Sharti la mapenzi hayo ni moja: anayedanganywa awe na nguvu au tamaa kuliko anayedanganya. Bunty Aur Babli inalitimiza sharti hili kwa uangalifu, kwa kuwa wanaotapeliwa mbele ya macho yetu aghalabu ni wenye pesa waliotaka pesa zaidi. Wanafunzi waliokasirika walikuwa wamelikataa sharti lenyewe. Katika kisa cha kiwanja kilichouzwa mara mbili, anayelia ni mnyonge, na mfano wa Sungura haumfai. Kwa maoni yangu hao ndio waliotazama kwa makini zaidi, ingawa hawakuburudika.

Mtindo huu wa tapeli apendwaye haukuanzia hapo. Raj Kapoor aliigiza mtoto wa mtaani aliyeingia wizini katika Awaara ya 1951, kisha mhamiaji maskini anayegeuka tapeli mjini Bombay katika Shree 420 ya 1955. Namba 420 ni kifungu cha Kanuni ya Adhabu ya India kilichohusu udanganyifu, hivyo jina hilo ni kama kusema Bwana Tapeli. Wachache wanakumbuka kwamba kanuni hiyo hiyo ilikuwa sheria hapa Uganda hadi kanuni yetu wenyewe ilipoanza kutumika mwaka 1930. India yenyewe imeiacha tangu Julai 2024, lakini mitaani tapeli bado ni 420. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza katika utafiti wake, kikiwemo kitabu cha Reel Pleasures cha 2018, jinsi filamu kama Awaara zilivyowafanya watazamaji wa Zanzibar wa miaka ya 1950 na 1960 wajadili kama ndoa ijengwe juu ya mapenzi au juu ya uamuzi wa wazee. Walitoka kwenye sinema wakibishana kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa tayari na msamiati wa mahaba wa kila ngazi.

Kampala ilikuwa na historia tofauti. Sinema za mjini zilistawi wakati wa Wahindi, na baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972 nyingi zilififia. Jengo la sinema ya Norman limekuwa kanisa tangu miaka ya 1980. Filamu ikahamia kwenye vibanda vya video, vile ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza, na humo akazaliwa VJ, yaani mtafsiri anayepunguza sauti ya filamu na kusema juu yake kwa Luganda. VJ Jingo na wenzake waliomfuata wamekuwa maarufu kuliko waigizaji wengi wanaowatafsiri. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, nao hutumia Kiswahili cha mitaani kwao. Kazi ni ile ile: kutafsiri, kuongeza utani, kumwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Mtu wa namna hii ana mamlaka makubwa kuliko maandishi ya chini ya picha. Akiwaita Bunty na Babli bafere, neno la Luganda la mjini kwa matapeli, kibanda kizima kinacheka, kwa kuwa neno hilo lina chuki na utani kwa pamoja. Kiswahili hakina neno moja lenye mizani hiyo hiyo. Tapeli ni zito mno, mjanja ni jepesi mno.

Ugumu wetu hasa, hata hivyo, hautoki katika kamusi. Unatoka barabarani. Kwa Waganda wengi wenye umri mkubwa, Kiswahili kiliingia masikioni kupitia mwanajeshi kwenye kizuizi na jambazi dirishani usiku. Kilikuwa lugha ya amri ya King's African Rifles, kikaendelea kuwa lugha ya jeshi baada ya uhuru, na majambazi wenye silaha walioitwa kondo wakakitumia kutisha watu. (Msomaji wa Kiswahili cha zamani atakumbuka kwamba kondo ni vita au ugomvi, msomaji wa leo atafikiria kondo la nyuma na kushangaa.) Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikipa cheo huku akikiongezea hofu. Marekebisho ya katiba ya 2005 yamekifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini agizo halifuti sauti iliyobaki kichwani mwa bibi.

Ndiyo maana filamu ya matapeli wanaopendana ni jaribio gumu kwetu, nalo linafaa. Ikitafsiriwa kwa Kiswahili mbele ya hadhira ya Kampala, upande wa uhalifu utaonekana wa kawaida kabisa: bila shaka, mwizi na polisi watasema Kiswahili. Je, na mapenzi? Nilipowapa wanafunzi kazi ya kutafsiri mazungumzo ya wapenzi hawa, wengi walihamia Kiingereza au Luganda bila kujitambua. Si kwamba hawakujua neno mpenzi. Walisema linasikika kama wanaigiza. Na bado Kihindi chenyewe kilikuwa kinawasaidia wasijue: muhabbat ni ndugu wa mahaba na muhibu, ashiq ni ashiki wetu, na qismat ni kismati ya babu zetu. Nusu ya msamiati wa nyimbo wanazozipenda iko kwenye kamusi ya Kiswahili waliyoiacha bwenini.

Mfano mmoja utatosha. Katika mandhari ya baa, pale wimbo wa Kajra Re unapochezwa na Aishwarya Rai, Dashrath Singh anakunywa na Rakesh bila kujua kuwa ni mmoja wa hao anaowasaka. Kwa hiyo hatakiwi kusema kama polisi. Ni mzee aliyechoka, anayezungumza na mtu wa umri wa mwanawe. Tafsiri za kwanza zilimpa vitenzi vya amri tupu: kaa, kunywa, sikiliza, leta. Hakuna kosa la sarufi hapo, lakini ni Kiswahili cha kizuizini. Nilizirudisha na kuwataka watumie dhamira tegemezi na maneno ya heshima na mazoea: kijana wangu, hebu tukae kidogo, ningependa unisikilize, uniwie radhi. Mzee akabadilika. Mwanafunzi mmoja alishangaa kwamba mtu yule yule, kwa kuongezewa u- na -e, anaweza kuacha kumtisha.

Kuna mwendelezo wa filamu hii, Bunty Aur Babli 2 ya Novemba 2021, ambamo Saif Ali Khan anashika nafasi ya Abhishek. Haikufanikiwa sokoni, na wanafunzi wangu walioiona waliipa sentensi mbili tu, zote mbili kavu.

Kazi ya mwisho ilikuwa kumtafutia Vimmi jina la kumwitia mumewe katika Kiswahili, jina ambalo lingebeba mapenzi na utapeli kwa pamoja. Tapeli wangu lilikataliwa kwa kelele. Ayari wangu lilipata wafuasi wachache waliopenda hadithi za kale. Binti mmoja kutoka Arua, ambaye amekua akisikia Kiswahili sokoni na nyumbani na wala hakikumtisha kamwe, alipendekeza laghai wa moyo wangu. Vijana wa nyuma walisema mke hawezi kumwita mumewe laghai. Wasichana wa mbele wakawajibu kwamba ni mke tu anayeweza. Mjadala ulikuwa bado haujakwisha, na karibu wote ulikuwa kwa Kiswahili, darasa lililofuata lilipoanza kugonga mlango likitaka chumba chake.