Jua Lisilochoma Nalo Huumiza

Mwezi wa Juni, hapa kwetu Likasi, asubuhi huwa na baridi. Watoto wa Kikula na wa Panda hutoka nyumbani wamejikunyata, na wakifika shuleni hutafuta ukuta unaoelekea mashariki wapate kuota jua. Ni jua la upole, nasi walimu hatukuona sababu ya kumkataza mtu. Kumbe hata jua hilo lina madhara, na baadhi ya watoto wetu huyalipa kwa ngozi zao.

Neno hili tulijifunza kwa aibu. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja mwenye ualbino, kijana mtulivu, hodari wa hesabu. Wakati wa kupandisha bendera ilikuwa amri ya shule kwamba kila mmoja avue kofia, naye alivua kama wenzake. Wakati wa mazoezi ya viungo alivua tena. Basi, juu ya sikio lake kikatokea kidonda kidogo. Kikakauka, kikarudi, kikakauka tena, na miezi ikapita. Tulidhani ni upele tu. Siku moja mama yake alikuja, akatuambia bila ukali: “Mwalimu, kofia nilimnunulia mimi. Ninyi shuleni mwamvua.”

Hatukuwa na la kujibu. Waganga walikikata kidonda kile mapema, na kijana yu mzima. Lakini tangu siku hiyo tulianza kuyachungua mambo tuliyokuwa tukiyasadiki juu ya jua, tukaona kwamba mengi si kweli. Twataja manne, maana twajua kwamba si sisi peke yetu tuliokosa.

Kosa la kwanza: kulipima jua kwa joto lake

Watu husema, “Leo hakuna jua kali, kuna baridi.” Lakini joto ni jambo moja, na miale inayodhuru ngozi ni jambo jingine. Miale hiyo huitwa miale ya urujuanimno. Jicho haliioni, wala mwili hausikii inapoingia. Mawingu mepesi hayaizuii sana, na upepo wa baridi hauipunguzi hata kidogo. Tena, kadiri mtu akaavyo juu ya usawa wa bahari, ndivyo inavyozidi: kwa kila mita 1,000 huongezeka sehemu 10 hivi katika 100. Mji wetu uko karibu mita 1,300 juu ya bahari.

Kipimo kilicho bora kuliko joto ni kivuli chako mwenyewe. Kivuli kikiwa kifupi kuliko kimo chako, jua lina nguvu, hata kama unatetemeka. Jaribu mwezi wa Juni saa sita mchana, hapa Likasi: utaona kwamba kivuli chako ni kifupi kukushinda. Mwishoni mwa Oktoba na tena katika Februari, saa hiyo hiyo, jua husimama utosini, na kivuli huwa karibu kutoweka.

Kosa la pili: kudhani kwamba ngozi nyeusi haidhuriki

Ni kweli kwamba ngozi yetu imepewa ngao. Ngao hiyo ni melanini, yaani ile rangi yenyewe, nayo huzuia sehemu kubwa ya miale. Kwa sababu hiyo saratani ya ngozi iletwayo na jua ni adimu kwa watu weusi. Lakini ngao si ukuta. Jua laweza kuunguza hata ngozi nyeusi, kuizeesha na kuitia madoa, na macho nayo huumia.

Tena iko saratani ya ngozi isiyoletwa na jua, ambayo huwapata watu weusi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1977, katika kidole cha mguu, akafa mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Kwa hiyo doa jeusi jipya wayoni, au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, uonyeshwe kwa mganga upesi. Hapo hakuna kofia wala mafuta yatakayosaidia. Kinga ni kuangalia.

Wanaojichubua hujivua ngao yao wenyewe. Mafuta mengi ya namna hiyo yana haidrokwinoni, na mengine yana zebaki, ambayo ni sumu ya figo. Mtu hulipa fedha yake ili aondolewe kitu kilichokuwa kikimlinda bure.

Kosa la tatu: kwamba mafuta yoyote ni kinga

Mawese na vaselini hulainisha ngozi isikauke, ila hayaizuii miale kwa kadiri ya kutosha. Mafuta ya kukinga jua ni ya namna yake, na juu ya chupa huandikwa herufi SPF pamoja na tarakimu. Mwenye ualbino atafute 30 au zaidi. Hata hayo, ukiyapaka asubuhi tu hayafiki jioni: yapakwe tena kila baada ya saa mbili, na kila mara mtu atokapo jasho jingi. Wala hayabadili rangi ya mtu kuwa nyeupe, kama wengine wanavyoogopa.

Mafuta hayo ni ghali kwa mfuko wa mzazi wa kawaida. Katika nchi jirani ya Tanzania, ambako hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika 1,400 ana ualbino, waganga wa ngozi wa Moshi walianza kuyatengeneza huko huko na kuwagawia wenye ualbino bila malipo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliyatia katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa ajili ya watu hao. Maana yake ni hii: kwao si urembo, ni dawa.

Lakini asiye nayo asikate tamaa. Nguo ni kinga bora, wala haihitaji kupakwa tena. Inua kitambaa mbele ya taa: ukiona mwanga unapenya, miale nayo itapenya. Kitenge kizito chenye mikono mirefu kinafaa kuliko shati jeupe jepesi. Kofia iwe na ukingo wa vidole vinne pande zote, kwa maana ile yenye ukingo wa mbele tu huacha masikio na shingo.

Kosa la nne: kuviita vidonda vyao laana

Mwenye ualbino hana laana wala siri yoyote. Alizaliwa bila melanini ya kutosha, kwa sababu ya urithi alioupata kwa baba na mama pamoja. Mama asilaumiwe peke yake. Vidonda vyake ni kazi ya jua, na kidonda kisichopona kwa majuma manne chaweza kuwa saratani. Kikikatwa mapema, kwa kawaida mtu hupona. Kikifichwa nyumbani kwa haya, huua.

Basi, walimu wenzetu na wazazi, twawaomba machache. Mtoto wa namna hiyo akae mbali na dirisha lenye jua, na karibu na ubao, kwa kuwa macho yake pia ni dhaifu. Asitumwe kufagia uwanja saa sita. Asipangwe sokoni kuuza juani kutwa.

Na asubuhi ya Jumatatu, wimbo wa taifa unapoimbwa na wote wamevua kofia zao, yeye aachwe na yake kichwani. Bendera haivunjiwi heshima na kofia ya mtoto.