Je, Wajua? Shokapu haibebi mzigo

Magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 ni tani 1, na pikapu nyingi zinazobeba mazao Bariadi zimeundwa kubeba uzito wa kiasi hicho hicho. Msimu wa mavuno zinapakiwa zaidi: nyuma inakaa, taa zinamulika juu, usukani unakuwa mwepesi kwa kuwa tairi za mbele zimepungukiwa uzito. Hiyo ni hatari kubwa.

Wengi hukimbilia kubadilisha shokapu. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Inayobeba mzigo ni springi. Fundi akague kwanza jani la springi lililopasuka, bushi zilizolika na yubolti zilizolegea. Springi zikiwa zimelala hata gari likiwa tupu, zimechoka.

Kuongeza jani husaidia, lakini Hilux nyingi zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, inayopima mzigo kwa kimo cha gari. Ukiinua nyuma, valvu husoma gari kuwa tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Jani jipya pia haliongezi uwezo wa ekseli wala tairi. Tafadhali, hakikisha fundi ameirekebisha valvu kabla hujapakia.