KUKOKOTA CHOMBO BAHARINI: KAZI YA KUPIMA KABLA YA KUTENDA

Machakos iko mbali na bahari, lakini mkulima wa huko aliyelima kwa plau na ng'ombe anajua jambo ambalo nahodha wa meli ya kukokota hana budi kulijua: avutaye na avutwaye hushiriki hatari moja. Mnyororo ukikatika, au ng'ombe wakivuta upande, kazi huharibika na mtu huweza kuumia. Baharini hatari hiyo huzidi, maana hapana ardhi ya kukimbilia.

Mfano mkubwa katika pwani yetu ni wa mwaka 1915. Manowari ya Wadachi, Königsberg, ilikuwa imejificha katika matawi ya mto Rufiji, na manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa sababu ya maji machache. Zikahitajika manowari mbili za mtoni, Severn na Mersey, zilizoelea katika maji ya futi 6 hivi. Lakini chombo chenye chini bapa hakifai kwa safari ya bahari kuu. Kwa hiyo zilikokotwa kutoka Malta, kupitia mfereji wa Suez, hata kisiwa cha Mafia, mwendo wa zaidi ya maili 4,000. Meli nne za kukokota zilitumika, na safari ilichukua muda wa majuma matano hivi.

Kazi ya namna hiyo huanza gatini. Kwanza matundu yote ya chombo kitakachovutwa huzibwa, na mizigo hufungwa isihame. Pili huchaguliwa majira: anayekwenda kusini wakati wa kusi hupigana na upepo na mawimbi. Tatu hupimwa nguvu ya meli inayovuta, na bandari za kukimbilia huandikwa mapema. Kamba ya akiba nayo huwekwa tayari.

Kamba yenyewe yataka akili. Bandarini hufupishwa, ili chombo kisiyumbe na kugonga vingine. Katika bahari kuu hurefushwa, izame kidogo katikati, na uzito wake upokee mishtuko ya mawimbi. Mahali inapokwaruzana na chuma hutiwa mnyororo, au hukaguliwa kila mara. Kamba ikipita mita 200, meli inayovuta huwasha usiku taa tatu nyeupe mlingotini, moja juu ya nyingine, ili wengine wasipite katikati.

Hatari mbili huua mabaharia. Kamba iliyokazwa ikikatika, hurudi kwa kishindo. Basi mtu asisimame katika njia yake. Tena, chombo kikivuta meli kwa ubavu, huweza kuipindua kwa dakika chache. Kwa hiyo kulabu ya kufungulia kamba hujaribiwa kabla ya kung'oa nanga.

Severn na Mersey zilifika salama, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa. Mizinga yake ilitolewa ikatumika bara, katika vita ambavyo wapagazi wengi wa Ukambani walibebeshwa mizigo. Mmoja wa mizinga hiyo umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Kijana wa Machakos aendaye kutafuta kazi Kilindini na akumbuke hayo: wakati wa kuikagua kamba ni kabla haijakazwa.