Teksi za Angani: Oda Si Fedha

Kila hisa za kampuni za teksi za angani zinapochangamka New York, naletewa swali lilelile, limeambatanishwa na picha ya skrini: "Mtaalamu, kampuni hii ina oda za ndege 2,800. Si lazima hisa zipande?" Si lazima. Nimeshajibu hivyo mara nyingi kiasi kwamba leo nitaeleza kwa urefu, ili siku nyingine nimtumie muulizaji ukurasa huu.

Tuanze na hizo 2,800. Ni za Eve, kampuni iliyozaliwa na Embraer ya Brazil na kuingia soko la hisa la New York mwaka 2022. Julai mwaka huohuo Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilitia saini barua ya nia ya kununua kwa Eve hadi ndege 40, za kwanza zikitarajiwa 2026. Ukisoma mbiombio utasema Kenya imeagiza ndege 40. Haijaagiza. Barua ya nia haimbani mtu kulipa, na neno "hadi" linaruhusu 40, 4 au sifuri. Kenya Airways wakati huo ilikuwa inaishi kwa kubebwa na serikali, na Eve nayo baadaye ikasogeza tarehe ya ndege kuanza kazi hadi 2027. Sehemu kubwa ya ile 2,800 imejengwa kwa karatasi za namna hiyo.

Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi hahitaji somo hili. Daftari lake lina safu mbili, ahadi na taslimu, na mpishi halipwi kwa safu ya kwanza.

"Lakini United Airlines ni kampuni kubwa, haiwezi kucheza." Haya, tuitazame kwa karibu. Mwaka 2021 United ilitangaza mpango wa kununua ndege za Archer, kampuni nyingine ya teksi za angani, za dola bilioni 1, kwa masharti. Agosti 2022 ikalipa malipo ya awali kwa ndege 100, na watu wakashangilia kwamba sasa mambo ni ya kweli. Ililipa dola milioni 10. Linganisha na bilioni 1: ni asilimia 1. Tena katika mpango huohuo United ilipewa haki ya kununua mamilioni ya hisa za Archer kwa senti 1 ya dola kila moja. Yaani muuzaji ndiye aliyemzawadia mnunuzi ili aagize. Sisemi kuna uhalifu hapo. Yote yameandikwa katika nyaraka zilizowasilishwa kwa msimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani, kila mtu anaweza kuyasoma. Nasema tu kwamba asiyesoma nyaraka hizo asinieleze habari za oda.

Asiyetosheka na hayo atazame Lilium ya Ujerumani. Iliingia Nasdaq Septemba 2021, na kwenye vitabu vyake ikawa inahesabu ndege zaidi ya 700, ukijumlisha oda na maelewano. Julai 2024 Saudia, shirika la ndege la Saudi Arabia, likatia saini oda ya ndege 50, na hiari ya kuongeza nyingine 50. Miezi mitatu baadaye kampuni hiyo ikatangaza kwamba tanzu zake zinakwenda kuomba ufilisi, baada ya wabunge wa Ujerumani kukataa kuidhamini mkopo. Desemba wafanyakazi wapatao 1,000 wakaachishwa kazi. Likajitokeza kundi la wawekezaji lililoahidi euro milioni 200. Fedha hazikufika, na Februari 2025 ikafilisika mara ya pili. Hata waokoaji walikuja na ahadi! Kampuni iliyokusanya zaidi ya dola bilioni 1 iliishia kuuza hataza zake takriban 300 kwa euro milioni 18, na aliyezinunua ni Archer. Oda zote zile hazikutosha kulipa mishahara.

Kinacholipa mishahara ni fedha za wenye hisa. Joby, inayosifiwa kuliko wenzake, iliingia sokoni 2021 ikisema itaanza kubeba abiria 2024. Mwaka 2024 ulipofika, mapato yake yalikuwa dola 136,000 na hasara dola milioni 608. Pengo hilo huzibwa kwa kutoa hisa mpya. Juni 2025 Archer iliuza hisa mpya za dola milioni 850, kwa dola 10 kila moja, chini ya bei ya sokoni. Kampuni ikapata pumzi. Aliyekuwa na hisa kabla ya hapo akabaki na hisa zilezile katika kampuni iliyogawanywa vipande vingi zaidi. Hilo ndilo la kuuliza: kila mwaka wanatoa hisa mpya ngapi?

La pili ni cheti. Mpaka mwisho wa 2025, Joby na Archer zote zilikuwa hazijapata cheti cha ndege zao cha mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, na bila hicho abiria wa kulipa hapandi kule. EHang ya China ilipata cha kwao Oktoba 2023, ikauza vyombo 216 mwaka 2024, na bado mwaka huo ilipata hasara.

Sasa, kwa anayetaka kununua hata hivyo. Fungua taarifa ya robo mwaka, chukua fedha zilizopo, gawanya kwa zinazoteketea kila robo. Ikitoka chini ya nane, subiri hisa mpya. Usitishwe wala usivutwe na bei ya hisa moja; dola 5 si "rahisi". Anayetaka harufu tu ya biashara hii anunue Toyota, iliyowekeza Joby, au Embraer yenyewe. Zina faida ya kweli. Dalali wako awe na leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako, na hakikisha programu ya simu inakuuzia hisa, si dau la kubashiri bei. Usikope. Weka kiasi ambacho kikipotea chote hutamficha mwenzi wako. Fedha ya ada ya Januari haina nafasi katika hisa hizi.