Mke Mwenza Mwenye Magurudumu Mawili

Shosti, wenzangu wanagombana na waume zao kwa sababu ya nyumba ndogo. Mimi nagombana na baiskeli.

Tunaishi Birmingham, na mume wangu anashindana kwenye mfululizo wa taifa wa Uingereza wa mbio za nyika za baiskeli za milimani. Sio shindano la siku moja likaisha, la hasha! Ni raundi kadhaa kwa msimu, kila moja na kona yake ya nchi. Newnham Park kule Plymouth, ambako raundi zimefanyika mara nyingi, ni zaidi ya kilomita 300 kutoka kwetu. Ijumaa jioni gari linapakiwa, Jumapili usiku linarudi na matope mpaka kwenye kiti cha mtoto.

Nilikuwa namwambia, "Baba watoto, si uache moja tu?" Ndipo akanieleza siri ya mchezo wenyewe. Wenye pointi nyingi huitwa kwanza kupanga mstari wa kuanzia. Muda mfupi baada ya kuanza, njia inaingia msituni na kuwa kinjia cha mtu mmoja. Ukiwa nyuma unakwama kwenye foleni ya watu walioshuka wanasukuma, wakati wa mbele wanayoyoma. Ukikosa raundi, wenzako wanakupita kwa pointi, na safari ijayo unaanzia mkiani.

Nikaelewa. Ila kuelewa hakukunisaidia siku ya harusi ya mdogo wangu, nilipokwenda peke yangu na kila shangazi akiniuliza, "Mwenzio yuko wapi?" Nijibu yuko matopeni?

Mwaya, siku moja aliniomba nikamshikie maji. Sheria hairuhusu kupewa chupa popote, kuna sehemu maalumu tu. Unasimama pale, chupa umeinyoosha, naye anainyakua bila kusimama. Ya kwanza niliidondosha. Akazunguka mzunguko mzima na kiu yake, na aliporudi hakufoka, alinyoosha mkono tu. Nikajua ananitegemea kweli. Hata Tom Pidcock, kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alipata pancha akabadilishiwa gurudumu na watu wake, ndipo akafukuzia dhahabu mpaka akaipata.

Siku hizi kalenda ikitoka tunakaa mezani kabla hajalipa kiingilio hata kimoja. Raundi mbili ni zangu kuzifuta. Kama wako naye ana mchezo wake, jaribu hilo. Kumuuliza Ijumaa jioni wakati gari limeshapakiwa ni kutafuta ugomvi. Msimu uliopita nilifuta moja, akaanzia nyuma raundi iliyofuata, akaninunia njia nzima ya kurudi. Sikumbembeleza.

Mwaka huu raundi moja imeangukia siku tuliyofunga ndoa. Kalenda iko kwenye friji. Tarehe ile hajaizungushia yeye, wala mimi sijaifuta.